Kilichonyonya Tangi la Msafiri

Gari liliwaka mara moja, likanguruma vizuri, na kabla fundi Hellen hajageuka likazima. Halikukohoa. Injini iliyokosa dizeli hutetemeka na kukohoa kwanza. Hii ilinyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Ndivyo linavyofanya tangu Jumapili," alisema Msafiri, ambaye kwa gari hilo alisafirisha samaki. Lilikuwa limevutwa kwa kamba kutoka Kiseke, yeye akiwa kwenye usukani na mkewe Safia kando yake.

Hellen alikuwa katika mwaka wake wa ishirini wa kutengeneza magari ya dizeli pale Igombe, hatua chache kutoka ziwani. Alibadilisha chujio, akatoa hewa, akafunga mpira mweupe unaoonyesha ndani ili aone mafuta yanavyopita. Alipowasha, dizeli ilikuja, ikasita, kisha ikaanza kurudi kwenye tangi kwa mikupuo midogo midogo, kama maziwa yanayonyonywa. Harufu ya tope na samaki aliyeoza ikapanda kutoka chini ya gari.

Hellen alijaza dumu dizeli safi, akaunganisha mpira kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye pampu. Gari likanguruma robo saa nzima bila kusita.

"Pampu nzima, injini nzima," alisema. "Ugonjwa uko ndani ya tangi. Nalishusha."

"Usilifungue, dada," Msafiri akanong'ona. "Tutafute jingine, hili tulitupe."

"Kwa nini?"

Msafiri akarudi nyuma hatua mbili, mbali na gari.

Hellen akalishusha. Lilikuwa kavu, dizeli yote imenyonywa, lakini lilimlemea kama gunia la mchanga. Akaingiza mkono kwenye tundu la juu kutafuta bomba la mafuta, na kitu kikamshika.

Vilikuwa vidole, vidogo na baridi, vya mtoto asiyetimiza mwaka, navyo vilimzunguka kidole cha kati vikakikaza, vikakikaza tena, hata kikavunjika kwa mlio wa kijiti kikavu, kisha vikahamia kidole cha pili bila haraka, huku Hellen akikanyaga tangi kwa miguu yote miwili na kuvuta, ngozi ya mkono ikichanika kwenye ukingo wa bati, na huko ndani kitu kikilia kilio chembamba cha njaa. Mkono ulipochomoka, vidole viwili vilikuwa vimelala upande usio wao.

Alipoinua uso alimwona Safia amesimama na rodi ya jeki. Pigo la kwanza lilimpata Msafiri begani, la pili mdomoni. Alianguka magotini, meno yakimdondoka pamoja na damu, na mkewe akaendelea kumpiga mbavuni kwa utulivu kama mtu anayetwanga mahindi.

"Mwanangu alikulilia," alisema, na sauti haikuwa ya Safia. Ilikuwa nzito, yenye maji ndani yake. "Alikulilia, ukampiga."

Hellen alimrukia kwa nyuma, akatupwa ukutani kwa kiwiko kimoja.

Mzee Abdillah, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, alizisikia kelele. Watu wa Igombe walimjua kwa kuwasomea dua waliopandwa na majini. Aliingia futi ya kupimia ingali shingoni, akaketi chini mbele ya Safia.

"Amani kwako, mama," alisema polepole. Kisha akamgeukia Msafiri. "Ulifanya nini ziwani? Sema sasa, wakati una pumzi."

Msafiri alisema kwa midomo iliyopasuka. Jumapili aliliingiza gari kinyumenyume majini kulisafisha. Gurudumu likapanda juu ya kitu. Alidhani ni kenge, lakini kililia kama mtoto. Kwa hofu akakipiga kwa rodi, mara nyingi. Kikajiburuta chini ya gari, wala hakukiona tena.

"Kilijificha kwenye tangi," alisema Mzee Abdillah. "Mama, mtoto akirudishwa, utatoka kwa binti huyu?"

"Aliyempiga amlete mwenyewe."

Hakuna aliyemsukuma Msafiri. Alimtazama mkewe, mkono wenye rodi ukiwa umeinuliwa tena, safari hii juu ya paji la uso wa Safia mwenyewe. Akalikumbatia tangi, akatembea juani hadi majini, mzee akisoma nyuma yake, Hellen na Safia mwenye rodi wakifuata.

Maji yalipomfika kifuani, ziwa lilitulia. Kisha yakachemka kumzunguka, bati likapasuka kutoka ndani, na Msafiri akapiga ukelele mmoja mrefu uliowakimbiza korongo wote ufukweni. Hellen alimkuta akielea chali. Mikono yake iliishia kwenye viwiko.

Alimburuta nje kwa mkono wake mzima, akafunga visiki vile kwa mpira wa dizeli aliokuwa nao mfukoni, akakaza kwa meno hadi damu ikapungua. Ufukweni Safia alikuwa ameanguka na rodi imemtoka. Alifumbua macho, akatambaa hadi kwa mumewe, akampakata kichwa mapajani, akilia kwa sauti yake mwenyewe.

"Amekwenda?" Mzee Abdillah akamwuliza.

"Mama amekwenda na mtoto," Safia akanong'ona. "Nilimsikia mtoto akiita njiani, huko chini ziwani. Anamwita baba yake, aje aone alivyoumizwa."