Nusu Tangi

Kila Jumatano baada ya kipindi cha mwisho, wanafunzi wanne wa darasa la sita waliingia chumba cha kompyuta. Mmoja alifungua madirisha, mwingine alikunja vitambaa vilivyofunika mashine, na wawili walifagia chini ya meza, kwa kuwa mwalimu wa kompyuta hakuruhusu mtu kuwasha chochote penye vumbi. Kisha kila mmoja alikaa mbele ya skrini yake, wakaanza kuendesha nyambizi.

Nyambizi hiyo ilikuwa ya mchezo, lakini mchezo wenyewe haukuwa na mzaha. Ilifanya doria kwenye bahari pana, ikihesabu meli na kukwepa kuonekana, na safari moja ilichukua muhula mzima. Kila mtoto alikuwa na kazi yake, na kazi ndiyo iliyompa jina. Nahodha alitoa amri. Ramani, msichana mrefu aliyependa hesabu, alipanga njia. Masikio alivaa vipokea sauti, akasikiliza meli nyingine na kutuma ujumbe. Fundi, msichana mdogo kuliko wote, alisimamia injini za dizeli. Kipimo cha mafuta kilionekana kwenye skrini yake peke yake. Wengine walijua tu kile alichowaambia.

Mwalimu alikuwa ameweka sharti. Wakiirudisha nyambizi bandarini kabla ya shule kufungwa, wangeruhusiwa kutumia chumba hicho likizo nzima. Ikiishiwa mafuta katikati ya bahari, safari imekwisha, na hakuna kuanza upya. Fundi aliitaka likizo hiyo kuliko wenzake wote, maana nyumbani kwao hakukuwa na kompyuta.

Jumatano iliyopita Nahodha alikuwa ameamuru mwendo wa polepole kuelekea magharibi. Kisha wakaiharakisha saa ya mchezo, kama walivyofanya kila palipokuwa na maji matupu ya kuvuka, ili siku nzima ipite kwa dakika chache. Fundi alikuwa amegeuka kumcheka Masikio, aliyekuwa akiigiza nyangumi mwenye mafua. Akasahau kushusha mwendo. Injini zote mbili ziliunguruma kwa nguvu zote njia nzima.

"Tumefika tayari?" Nahodha alishangaa. "Fundi, wewe ni moto wa kuotea mbali!"

Fundi alitazama kipimo. "Injini zangu nazijua," alijibu.

"Na mafuta je?"

"Nusu tangi."

Haikuwa nusu. Ilikuwa robo tu.

Wiki nzima alijifariji kwa jambo moja. Kusini kulikuwa na meli ya mafuta iliyowasubiri. Wangepita huko, wangejaza tangi, na hakuna ambaye angejua.

Lakini leo Nahodha alikuja na mpango mwingine.

"Jamani, sikilizeni. Tukishuka kusini kujaza mafuta tunapoteza muda bure. Nusu tangi inatufikisha nyumbani. Au vipi, Ramani?"

"Kwa mwendo wa polepole inatosha, na akiba inabaki," alisema Ramani.

"Basi Masikio, iambie meli ya mafuta iende zake."

Masikio akaanza kuandika ujumbe. Fundi, aliyekaa karibu naye, aliona herufi zikijipanga kwenye skrini. Meli hiyo ikishaondoka haikuwa na kurudi. Akisema kweli, huenda wangemtoa kwenye kundi. Akinyamaza, nyambizi ingekwama baharini, na wote wanne wangekosa likizo.

"Usitume!" alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Kidole cha Masikio kilibaki hewani. "Umenishtua! Kuna nini?"

"Hatuna nusu. Tuna robo, na imeshaanza kupungua. Wiki iliyopita nilisahau kushusha mwendo. Halafu nikawadanganya."

"Robo?" Nahodha aligeuka na kiti chake. "Na mimi nikakusifu mbele ya watu! Inuka hapo. Masikio, kaa kwenye injini."

"Mimi?" Masikio aliruka. "Ndugu yangu, mimi nilisahau sufuria jikoni mpaka ikatoboka. Unataka tuzame?"

Ramani alicheka. Nahodha hakucheka. Mwalimu, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akasogea.

"Kabla ya kugombana, fikirini kwanza. Kwa nini mafuta yamekwisha namna hiyo?"

"Tulikwenda mbio, mwalimu," alisema Fundi.

"Naam. Maji huizuia nyambizi, na kadiri unavyokwenda kasi ndivyo yanavyozuia zaidi. Ukienda kwa kasi maradufu, safari ileile hula mafuta karibu mara nne. Sasa ligeuzeni jambo hilo liwasaidie."

Ramani alikuwa ameshashika kalamu. "Nyumbani hatufiki," alisema baada ya muda. "Kwenye meli ya mafuta tunaweza kufika, tukizima injini moja. Ila meli inaondoka kesho jioni kwa saa ya mchezo. Tukizidisha mwendo, tunakauka. Tukipunguza mno, tunaikosa. Fundi, nipe namba kamili, siyo ya kukisia."

Fundi aliisogelea skrini, akaisoma mpaka tarakimu ya mwisho. Ramani akakokotoa, akataja mwendo. Nahodha alimgeukia Fundi.

"Kaa," alisema. "Lakini ukigeuza shingo tu, nakufunga kwenye kiti."

"Sawa, Nahodha."

Wakageuza nyambizi kuelekea kusini, wakaiharakisha tena saa ya mchezo. Safari hii Fundi hakungoja kuulizwa. Kila kipimo kiliposhuka, alitangaza.

"Kumi na nane kwa mia! Kumi na saba!"

"Tumesikia, mama," Masikio alinung'unika. "Umekuwa redio sasa?"

Kipimo kilipoingia sehemu nyekundu, utani ukaisha. Jua la mchezo lilianza kuzama. Masikio alibana vipokea sauti kwa mikono miwili.

"Ngoja. Nasikia injini kubwa. Inaunguruma palepale, haiendi popote."

"Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe!"

Muda mfupi baadaye bomba la mafuta liliunganishwa, na kipimo kikaanza kupanda. Fundi alishusha pumzi ndefu, akaegemea kiti kama mtu aliyetua mzigo. Nahodha alipiga meza kwa furaha. Ramani alijifuta jasho kwa kitambaa cha kufunikia kompyuta, na mwalimu akajifanya hakuona.

Walipokuwa wakizima mashine, mwalimu alisema, "Kusahau kunampata kila mtu, na siku ileile kosa hilo lilikuwa na dawa. Uongo ndio uliokaribia kuwapoteza. Nahodha aliamua vizuri na Ramani alikokotoa vizuri, lakini walikuwa wakiendesha nyambizi yenye nusu tangi, na nyambizi hiyo haikuwapo. Mtu anayekutegemea mpe ukweli mapema, akiwa bado ana la kufanya."

"Nimeelewa, mwalimu," alisema Fundi. "Nisameheni, wenzangu."

Nahodha alimshikia mlango apite.

"Jumatano uje mapema," alisema. "Bila wewe hatujui tuna nini tangini."