Sema Upande Wangu Kwanza

Mikokoteni miwili iligongana katikati ya soko lililofurika watu. Nyanya zikatapakaa, wenye mikokoteni wakashikana mashati. Kwingine watu wangecheka. Pale hakuna aliyecheka, maana ugomvi mdogo kuliko huo kati ya Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini ulikuwa umewahi kuteketeza nusu ya vibanda. Akina mama walianza kukusanya bidhaa zao.

Ndipo akajipenyeza mwanamume mrefu, aproni ya ngozi kiunoni, kiatu cha mteja kingali mkononi.

"Wewe," alimwambia mmoja wao, "nieleze mwenzako ameumia nini."

"Mimi ndiye niliyeumia!"

"Zako tutazisikia. Anza na zake."

Yule bwana akajaribu. Mwenzake akatikisa kichwa: "Bado." Akajaribu tena. "Bado." Mara ya tatu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba nyanya zile zimelimwa na mama wa mwenzake, naye mama mwenyewe ni mgonjwa.

"Ndivyo," mwenzake akasema, na mashati yakaachiwa.

Fundi cherehani mmoja aliyaona yote akiwa mlangoni pa kibanda chake cha kuazima, ndani ya gauni la njano alilojishonea, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Soko zima lilimwita Mkasi, na si kwa sababu ya kazi yake. Ulimi wake ulikata.

"Kaka," alimwita, "kazi yako ni viatu au maneno?"

"Vyote nashona, dada. Ila viatu havinijibu."

Mkasi alicheka mpaka futi ikamdondoka. Mwanamume akaiokota, akaikunja vizuri bila haraka, akamrudishia. Jina lake sokoni lilikuwa Taratibu, na alilistahili.

Alikuwa mmoja wa wasuluhishi wa soko, watu wa mitaa yote miwili waliokutana darasani shule ikifungwa jioni. Hawakulipwa hata ahsante. Kanuni zao zilikuwa mbili: kila mtu aseme upande wa mwenzake kwanza, mpaka mwenzake akiri "ndivyo", na neno la darasani humo halitoki ila kwa mdomo wa mwenye nalo. Kwa kanuni hizo mbili soko lilikuwa limefunguliwa tena, na watu waliokuwa hawasalimiani sasa walilindiana vibanda. Ukiuliza ushujaa ni nini, mimi nitakuonyesha wale watu na madawati yao mabovu.

Mapenzi hayakukawia. Simu zilianza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nakusubiri wewe unipikie."

"Mimi nitakupikia soli."

"Ilainishe basi, laazizi, meno yangu bado nayataka."

Jambo moja tu lilimtia Mkasi simanzi. Baba yake alikuwa fundi wa kutegemewa, lakini tangu kibanda chake kiungue katika ugomvi ule wa mitaa, pamoja na cherehani zake zote, hakuwahi kugusa sindano. Alishinda kibarazani akitazama mikono yake. Nani aliyewasha moto? Hakuna aliyejua.

Kisha Taratibu akabadilika. Simu alipokea kwa kusitasita. Akitembelea nyumbani hakumtazama mzee machoni.

"Una mwingine?" Mkasi aliuliza jioni moja kwenye simu.

"Sina."

"Basi una nini?"

"Nivumilie, mpenzi. Kuna jambo si langu kulisema."

"Anaitwa nani hilo jambo?"

Mkasi akakata simu, akalia juu ya gauni la mteja.

Wiki iliyofuata jambo lilijileta lenyewe. Seremala kijana alibisha hodi, kofia mkononi, akapiga magoti mbele ya mzee. Alikuwa mdogo wake Taratibu, tumbo moja.

"Baba, ni mimi niliyewasha moto ule. Wenzangu walinisukuma, lakini kiberiti kilikuwa changu. Nilikiri kwa kaka kule darasani mwezi uliopita. Akaniambia nije kwa miguu yangu."

Mkasi hakusikia zaidi. Alikimbia hadi kwa fundi viatu.

"Ulijua! Ulikaa nyumbani kwetu, ukanywa chai ya baba, na ulijua!"

"Nilijua," Taratibu akasema.

"Hata kujitetea huwezi?"

"Nikijitetea nitamsema yeye."

"Basi usinipigie tena."

Hakupiga. Mkasi alishika simu kila jioni, akaiweka, akajilaani kwa kuishika. Asubuhi moja akasikia nyundo. Alipofika palipokuwa kibanda cha zamani, seremala alikuwa akipigilia mbao mpya, na baba yake, yule asiyeinuka kibarazani, alikuwa ameshika ubao upande wa pili.

"Baba! Unamsaidia huyu?"

"Angeletwa amefungwa kamba, mwanangu, ningemchukia mpaka kaburini. Na mtaa wake ungekuja kumtoa, tuungue tena. Amekuja mwenyewe. Aliyemsubiri mpaka akaweza kuja, mwenzio, alitubebea mzigo mzito sote." Mzee akapangusa jasho. "Mikono imechoka kukaa bure. Shika hapa."

Mkasi hakushika. Alikuwa ameshageuka.

Taratibu alikuwa peke yake, akishona kandambili. Mkasi akaketi kwenye kibao cha wateja.

"Nyamaza, niseme upande wako. Ulitaka kuniambia."

"Bado."

"Ulitaka kuniambia kila siku, na ukachagua nikuchukie mimi kuliko mitaa ichukiane."

Macho ya mwanamume yakajaa maji. "Ndivyo. Na wewe ulidhani nina mwingine."

"Bado!"

"Uliniamini ukanieleza huzuni ya baba yako, nami nikakuacha gizani peke yako. Nisamehe."

"Ndivyo," Mkasi akasema, akifuta pua kwa kitambaa cha mteja. "Sasa zamu yangu tena. Unataka kwenda kwa baba kuniposa, lakini unaogopa kwamba akikutazama usoni atamwona mdogo wako na kile kiber—"

"Ndivyo," Taratibu akasema, kandambili ikaanguka.

Mkasi akamkodolea macho. Tangu amjue, hilo lilikuwa jambo la kwanza mwanamume yule kulifanya kwa haraka.

"Basi vaa viatu," alisema. "Baba anahitaji wa kushika ubao."