Kilichotoka na Tope

Mshale wa mizani ulipitiliza. Mpima mizigo na abiria wa kiwanja kile kidogo cha ndege, mama mcheshi ambaye wachimba mafuta walimwita Dada Kilo, akagonga kioo kwa kidole. Aliyesimama juu ya mizani alikuwa mdogo wake, kitindamimba, anatoka kwenye visima kwenda likizo kwa mama yao. Mwembamba kama ufito, mkononi hana hata mfuko.

"We, umemeza nondo?" akamtania.

Mdogo wake hakucheka. "Dada, usinipandishe ndege," alinong'ona. "Tulichimba tukapita kiasi. Kuna kitu kilitoka na tope. Kimenikalia mgongoni."

Ndipo harufu ikamfikia dada, harufu ya udongo usiowahi kuona jua, na katika ukumbi ule mweupe kwa mwanga wa mchana akasikia pumzi mbili zikitoka kwa mtu mmoja: moja ya haraka, ya woga, na nyingine nzito, ya taratibu, kama ya mtu aliyeshiba akajilaza.

Akamvuta hadi stoo. Akamwita na mganga, mzee ambaye wachimbaji walikuwa wamemleta kambini, naye akisubiri ndege hiyohiyo arudi kwao. Mzee hakuvuka kizingiti.

"Jini hili limenishinda kulekule," alisema kwa sauti ya chini. "Kisima kimezibwa, halina pa kurudi. Halishuki mgongo mmoja mpaka lipewe mwingine. Likifika kwenu, litajichagulia."

Dada akamfikiria mama yao, na mgongo wake uliokwisha kupinda kwa kuwabeba wao. Nje, rubani akawasha injini.

"Geuka."

"Dada, hapana!"

"Nimekubeba tangu ukiwa mchanga. Geuka, nimesema."

Akaegemeza mgongo wake kwenye wa mdogo wake, akafumba macho, akasema, "Karibu," na baridi ikamtambaa kutoka kiunoni hadi shingoni, polepole, bila pupa, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba aliyokwisha kuipenda, hata mdomo ukamjaa ladha ya tope.

Mdogo wake alipanda ndege akilia, hatua zake nyepesi.

Jioni mama yao akapiga simu. "Mwenzio kafika salama, anakula hapa. Lakini na wewe, una mgeni hata huniambii?"

"Mgeni gani, mama?"

"Si huyo hapo ubavuni pako, anayeniita mama."