Bibi wa Karatasi

"Dada, niazime bic yako dakika moja."

Clotilde aligeuka. Ilikuwa siku ya mshahara, mwezi wa nne wa mwaka 1968, na benki ya Likasi ilijaa watu mpaka kwenye ngazi za nje. Nyuma yake alisimama kijana mrefu mwenye suti ya tergal ya kijivu, viatu vinang'aa, fomu nne za kufungua akaunti mkononi, kalamu hana.

"Suti yote hii, na bic hauna?"

"Bic niliuza, nikanunua suti."

Clotilde alicheka kabla hajataka kucheka. Alikuwa na miaka ishirini, fundi wa kushona aliyefundishwa na masista, na gauni lake la kitenge cha manjano alilishona mwenyewe, likamkaa mwilini hata wazee kwenye foleni wakasahau zamu zao.

"Mutu wa kampuni, konti ya nini?" akauliza, maana aliliona jina la kampuni ya migodi kwenye fomu zake. "Si wanakulipa mukononi?"

"Wananituma Bulaya, ku Liège, nijifunze umeme miaka miwili. Mshahara wangu utabaki hapa. Kule watanipa ya kula tu."

"Basi franga zako zitalala Likasi, na weye utalala Bulaya."

"Njo vile. Nitafute mutu wa kuziangalia. Jina lako nani?"

"Rudisha bic kwanza."

"Sema jina kwanza."

Aliitwa Étienne, fundi umeme wa kiwanda cha Shituru. Kuanzia Jumapili ile alimngoja Clotilde kila baada ya misa, wakatembea polepole mpaka nyumbani kwao, yeye akimwita Cloclo, Clotilde akimwita Musyé Bic, yaani Bwana Kalamu. Baada ya miezi minne alikuja mbele ya baba yake Clotilde, Papa Barthélemy, aliyekuwa mwashi zamani na bado alikuwa na mikono migumu na moyo wa namna hiyo hiyo. Étienne aliahidi kuleta mahari siku atakayorudi.

"Miaka miwili," Papa Barthélemy alisema. "Ikipita siku moja, sikujui."

Étienne akapanda ndege. Barua zikaja kila wiki mbili. Kisha, mwezi wa pili wa mwaka 1970, ikaja barua moja fupi: masomo yameongezwa mpaka Desemba.

Papa Barthélemy aliisikiliza yote. "Pentekoste," alisema. "Mahari ifike kabla ya Pentekoste. Isipofika, Fidèle wa Kambove iko na lori mbili na hana bibi."

Fidèle alikuwa mzee wa miaka hamsini aliyefiwa na mke, mwenye jino la dhahabu. Alikuwa amekwisha kuleta kreti ya bia.

Basi shida ilikuwa hii. Pesa za Étienne zilikuwepo, nyingi, mshahara wa karibu miaka miwili, lakini mwenyewe hakuweza kuzigusa. Pesa ya Kongo haikuvuka mpaka bila ruhusa ya serikali, na benki haikukubali kutoa kiasi kikubwa namna ile kwa barua ya kawaida. Ilitaka procuration, yaani karatasi ya kumpa mtu mwingine madaraka ya kuchukua pesa zake, yenye mhuri wa ubalozi. Étienne akapanda treni mpaka Bruxelles kuitafuta. Siku chache baadaye posta ya Likasi ilimwita Clotilde aje kupokea simu.

"Allô? Cloclo?"

"Ni minye. Unakula vizuri? Sauti yako imekonda."

"Sauti inakonda?"

"Yako imekonda. Mifupa yake naisikia."

"Wacha mchezo, ni dakika tatu tu. Procuration imetoka. Mutu wa ambassade aliniuliza, huyu Clotilde ni nani kwako? Nikaona haya kusema rafiki. Nikamwambia: andika, bibi yangu."

Clotilde alikishika kipokeo cha simu kwa mikono miwili.

"Sema tena."

"Bibi yangu."

"Tena."

"Cloclo, dakika zinakwisha!"

"Ziache ziende. Tena."

Karatasi ikafika. Clotilde akaipeleka benki, dirisha la tatu, kwa karani Ambroise. Ambroise aliisoma, akasema kiasi ni kikubwa, lazima wahakikishe kwanza, arudi Alhamisi.

Alhamisi Clotilde alirudi na kitenge kipya cha bluu, kilemba cha kitambaa hicho hicho, na marashi nyuma ya masikio. Papa Barthélemy alikuja naye. Alivaa kofia yake ya Pasaka.

"Weye ni Henriette?" Ambroise aliuliza.

"Minye ni Clotilde. Si imeandikwa?"

"Imeandikwa franga apewe Clotilde, bibi ya Étienne. Shiye tumeuliza kampuni. Kitabu cha kampuni kinasema Étienne iko na bibi, jina Henriette, na batoto batatu, nyumba ya kambi ku Panda." Akainua sauti kidogo, maana foleni ilikuwa imenyamaza kusikiliza. "Sasa weye ni bibi gani, mama? Wa Jumapili?"

Watu walicheka. Mwanamke mmoja mwenye kikapu alicheka mpaka akakiweka chini.

"Hapana," Clotilde alisema. "Angalieni tena."

"Tumeangalia mara mbili." Ambroise alimsogelea kwenye dirisha, akapunguza sauti, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko kicheko cha watu. "Angeandika jina lako tu, bila neno lile, ningekulipa sasa hivi. Jina halina shida. Ni hili neno 'bibi' njo limeharibu. Konti imefungwa mpaka mwenyewe arudi."

Papa Barthélemy alikuwa amesikia yote. Hakumpiga binti yake. Alitangulia mbele, akapita naye katikati ya mji, sokoni, mbele ya kanisa, na kila aliyemsalimu alijibiwa: "Salimia na bibi ya Étienne, yule iko nyuma yangu."

Kesho yake Clotilde alikwenda Panda kwa miguu. Nyumba za kambi zimepangwa mistari, zote sura moja, ikabidi aulize mara tatu. Kwenye kizingiti cha nyumba aliyoonyeshwa, mwanamke mwembamba alikuwa anachambua maharagwe, na karibu naye mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi.

"Étienne iko wapi?" Clotilde alimwuliza mtoto.

"Papa iko Bulaya."

Mwanamke akasimama, ungo mkononi. Majirani walikuwa wamekwisha kutoka kwenye milango yao.

"Weye ni nani wa Étienne?" Clotilde aliuliza.

Henriette aliwatazama majirani, mmoja baada ya mwingine, ndipo akajibu kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika. "Minye ni bibi yake. Kitabu kinasema. Unataka kusoma, nenda ku biro ya kampuni."

"Kwa uso huu? Njo maana alikimbilia Bulaya."

Ungo ulimponyoka Henriette. Maharagwe yakamwagika kwenye vumbi, mtoto akainama kuyaokota. Clotilde aliona ni aibu ya mtu aliyekamatwa, na alifurahi. Alirudi mjini akiwa bado na furaha ile kifuani, kali kama pilipili.

Baada ya wiki mbili posta ikamwita tena.

"Cloclo! Benki ilikulipa?"

"Bibi yako anakusalimu. Batoto pia. Yule mudogo anauliza papa atarudi lini."

 Étienne akasema, "Clotilde, sikia. Henriette ni bibi ya yaya yangu, kaka mukubwa, yule alikufa..."

"Ya yaya yako! Uko Bulaya, haukupata uongo wa kisasa?"

Clotilde hakukata simu. Alikilaza kipokeo juu ya meza, akatoka. Mtu wa posta alisema baadaye kwamba sauti iliendelea kumwita humo ndani mpaka dakika tatu zikaisha.

Habari ilifika Kambove kabla ya Pentekoste. Fidèle alituma watu wawili na ujumbe: haoi mwanamke aliyejitangaza benki kuwa mke wa mtu. Wakabeba na kreti ya chupa tupu. Kwenye bomba la maji wanawake wakampa Clotilde jina jipya, Bibi wa Karatasi. Wateja walipoleta nguo walimwuliza kama bei ni ya karatasi au ya kweli. Nyumbani baba yake aliacha kabisa kumwita kwa jina. Alipotaka chakula aligonga meza.

Clotilde akafanya novena. Siku tisa alipiga magoti mbele ya mshumaa, akimwomba Mungu amlize Étienne kama yeye anavyolia. Sala za namna hiyo Mungu huzisikia pia, na sijui kama kuna sala nyingine zinazomsikitisha zaidi.

Étienne alirudi mwezi wa kumi na mbili. Jumapili ya kwanza alimngoja nje ya kanisa, mahali pale pale pa zamani. Alikuwa amekonda, koti lake la Ulaya lilimning'inia mabegani. Clotilde alipita kama hakuona mtu.

"Soma hii tu," alisema Étienne nyuma yake. "Ukishasoma, nitemee mate."

Ilikuwa hati ya kifo. Clotilde alisoma jina la kaka yake Étienne, mfanyakazi wa mgodi, amekufa Novemba 1966.

"Kampuni inampa mjane siku nane," Étienne alisema. "Siku nane, halafu nyumba inatoka, posho inatoka, hospitali inatoka. Henriette alikuwa na mimba. Minye nilikuwa sina bibi. Nikaenda ku biro, nikasema: huyu ni wangu, na batoto ni wangu. Simone alizaliwa miezi mitatu baada ya mazishi. Mbele ya Mungu, Cloclo, sijamugusa hata kidole."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Kampuni ikijua, yeye anatupwa mu njia na minye kazi kwisha. Nilisema nitakueleza nikirudi, polepole, uso kwa uso. Siku ya ambassade nililisahau lile jina mu kitabu. Nilikuwa nafikiri weye tu."

Clotilde alikunja hati mara mbili, mara nne. "Nilimutukana, Étienne. Mbele ya majirani."

"Aliniandikia. Hakusema ulimutukana. Alisema uko muzuri."

Hapo Clotilde akalia, palepale kwenye ukuta wa kanisa, watu wakitoka misani. Étienne alitafuta leso, hakuipata, akampa ncha ya tai.

"Bulaya miaka miwili na nusu, na leso hauna?"

"Leso niliuza, nikanunua tai."

"Mupumbavu weye."

"Wako."

"Unioe basi, mupumbavu."

"Njo nilirudia."

Kwa siku tatu walikuwa na furaha. Siku ya nne padri akataka karatasi ya kampuni inayosema Étienne hana mke. Na kampuni ilikubali mke mmoja tu kwenye kitabu.

"Tungoje kidogo," Étienne alimwambia Clotilde. "Georges amalize shule, apate kazi, awachukue mama yake na wadogo wake."

"Georges iko na miaka mingapi?"

"Kumi."

"Minye nitakuwa mzee nikimungojea Georges?"

"Ao tuwapangie chumba mu mji. Lakini baba yako amezidisha mahari mara mbili, kwa ajili ya ile aibu. Konti nzima itakwisha. Mwambie apunguze, Cloclo. Weye atakusikia."

Clotilde hakumwambia baba yake apunguze. Alitaka mji wote uone kile kiasi kikipita, na Ambroise akihesabu kwa mkono wake mwenyewe, na wanawake wa bombani wakisikia. Aliomba usiku ule pia, lakini aliomba upesi, kama mtu anayepita mbele ya mlango ambao hataki ufunguliwe.

Jumatatu wakaenda biro ya kampuni. Karani mzee mwenye miwani alifungua kitabu kikubwa, akatafuta ukurasa kwa kidole.

"Étienne. Bibi, Henriette. Munataka nini?"

Étienne alikohoa.  Clotilde alimshika mkono.

"Kufuta," alijibu Clotilde.

"Sababu? Kifo ao talaka?"

"Talaka," Étienne alisema chini chini.

Karani akachukua rula, akaiweka chini ya jina, akapiga mstari. Kisha akainua macho.

"Na batoto? Wakibaki kwa baba, wanabaki mu kitabu. Posho, shule, hospitali, yote inaendelea. Watalelewa na bibi mupya. Wakienda na mama, wanatoka naye."

Étienne alimgeukia Clotilde. Uso wake wote ulikuwa unaomba, na tangu siku ya bic hakuwa amewahi kumwomba kitu namna hiyo. Clotilde aliwafikiria. Aliona asubuhi yake ya kwanza kambini, bombani, na watoto watatu wa mwanamke mwingine nyuma yake, na wale wanawake wakicheka. Aliona mtoto anaokota maharagwe. Aliona pia kwamba angenyamaza tu, karani angeiacha rula mezani na majina ya watoto yangebaki.

"Waende na mama yao," alisema.

Étienne alikuwa bado ameshika mkono wake. Hakuuachia, wala hakuubana.

Karani alisogeza rula chini, akasoma kila jina kabla ya kulifuta, kama alivyozoea kufanya ili asikosee. "Georges." Mstari. "Berthe." Mstari. "Simone." Wino ulikuwa unaisha. Akaichovya kalamu tena, akapiga mstari ule mara ya pili, maana wa kwanza haukuonekana vizuri.