Barakoa Yenye Lebo ya Kijani

Barakoa ya oksijeni ilikuwa imening'inia kwenye waya, kavu, haina mtu, na bado ndani yake mlikuwa na ukungu uliokuja na kuondoka, kama ule anaouacha mgonjwa akipumua. Mama Povu aliuona saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, akajifanya hajauona. Ndivyo tulivyo binadamu.

Miaka kumi na tisa alikuwa akiosha vifaa vya wodi, na jina la Mama Povu walimpa manesi kwa utani. Kanuni aliijua kama jina la mamake: osha kwa sabuni, zamisha kwenye dawa ya kuua vijidudu nusu saa kamili, suuza, kausha, funga lebo ya kijani. Chenye lebo ya kijani hakuna anayekiulizia tena. Lakini juzi, barakoa hiyo ilipotoka usoni kwa mzee mmoja aliyekata roho huku akibishana na mtu asiyeonekana, Mama Povu alikuwa na haraka zake. Akaichovya tu, akafunga lebo. Siri akaimeza, maana kusema ni kufukuzwa kazi.

Wagonjwa wawili waliovalishwa barakoa ile waliamka wakinuka udongo mbichi, wakaongea kwa sauti ya yule mzee, na hakuna aliyefika jioni. Mama Povu alisikia, akaendelea kupiga deki.

Kisha akaletwa mdogo wake wa kike, pumu imembana, midomo imeanza kubadilika rangi. Barakoa nyingine zote zilikuwa nyusoni mwa watu. Imebaki ile.

Mama Povu aliikwapua mikononi mwa nesi, akakiri yote palepale kwa mnong'ono. Nesi hakumgombeza. Alimwambia akaizamishe upya, nusu saa kamili, yeye atajaribu kumshikilia mgonjwa.

Akaizamisha, ikapanda, akaikandamiza kwa mikono miwili, na dawa ikaanza kutokota bila moto, na ndani ya mapovu kikatoka kikohozi cha mzee, kisha kilio, kisha uvundo wa udongo wa kaburi ukajaa chumba hata harufu ya dawa ikapotea, na mshale wa saa ukawa unajikokota, dakika kumi, kumi na tano, ishirini na mbili, na kitu kile kikazidi kudhoofika chini ya viganja vyake mpaka kikawa kinatetemeka tu, na hapo nesi akasimama mlangoni.

"Lete," alisema kwa sauti ya chini. "Anatutoka."

"Bado dakika nane."

"Hana dakika nane, mama."

Jamani, wewe ungefanyaje? Aliitoa, akaisuuza, akakimbia nayo, akamvalisha mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe. Kifua kikapanda, kikashuka. Midomo ikarudi rangi yake. Mama Povu akapiga magoti kando ya kitanda, akilia kwa furaha, akimshukuru Mungu kwamba amewahi.

Mdogo wake akafumbua macho, akamshika mkono. Sauti iliyotoka chini ya barakoa ilikuwa ya mzee.

"Ahsante," ilimwambia. "Zile nane zingeniua."