Unga wa Mizizi na Dripu ya Nne

Siku hizi Melania hubangua karanga akiwa ameegemea ukuta. Akimaliza bakuli moja, hupumzika. Zamani alimaliza gunia kabla mumewe, Maduhu, hajarudi na ng'ombe.

Melania ana saratani ya titi. Kila baada ya wiki tatu husafiri kutoka Samuye hadi Mwanza kutundikiwa dripu ya dawa. Amepata tatu kati ya sita. Jumatatu alirudishwa bila ya nne, kwa kuwa vipimo vya damu vilionyesha ini lake limeathirika. Dripu zikikatizwa, uvimbe unaweza kukua tena.

Generosa, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja kumjulia hali.

"Shikamoo, Mama Ngusa."

"Marahaba."

"Macho yako yana umanjano. Unatumia nini zaidi ya dawa za hospitali?"

"Situmii kitu."

Generosa alitazama kikombe kilichokuwa kando ya kigoda. Kilikuwa na maji ya kahawia. "Na hiki?"

Maduhu alijibu kutoka mlangoni.

"Usimuulize. Dawa ya mizizi haitajwi. Ikitajwa, inapoa. Baba yangu akienda kuichimba, hakusalimiana na mtu njiani."

"Baba yako alichimba mwenyewe. Wewe umeichimba wapi?"

"Niliinunua ikiwa unga, kule Buseresere, nilipokwenda kumwona kaka mgodini."

"Mnadani?"

"Mnadani."

"Basi muuzaji aliitaja kwa kipaza sauti. Ilipoa kabla hujapanda basi."

Melania alicheka kidogo, kisha akakohoa.

Maduhu alitoa karatasi iliyokunjwa, aliyopewa na muuzaji. "Soma mwenyewe. Wataalamu wamepima. Mmea huu unakinga seli za binadamu zisiharibiwe na dawa."

Generosa aliisoma mara mbili, bila haraka.

"Seli ni nini?" Melania aliuliza.

"Ni chembe ndogo sana zinazojenga mwili. Ndani yake mna maelekezo ya urithi, yanayoiongoza seli kukua na kugawanyika. Dawa yako huyaharibu maelekezo hayo, na seli ya saratani hufa. Baadhi ya seli zisizo na ugonjwa nazo huumia. Ndiyo sababu nywele zako zimenyonyoka."

"Na unga unazikinga!" alisema Maduhu.

"Hapa wanasema ni seli zilizowekwa kwenye chombo cha maabara. Chombo hakina ini, Baba Ngusa. Mkeo analo. Tena, unga ukishaingia mwilini, nani atauelekeza seli ya kukinga? Je, ukiikinga hata ile ya saratani?"

Maduhu aliketi kizingitini. "Sikutaka kumdhuru. Alikuwa anatapika mpaka anashindwa kuinua kichwa."

"Hospitali mliwaambia?"

"Hawakuuliza."

"Waliuliza," alisema Melania. "Nilijibu sijambo. Nimechoka kuulizwa."

Generosa aliirudisha karatasi. "Sisemi mizizi ni uongo. Dawa kadhaa za hospitali zilitokana na mimea. Nasema hatujui unga huu unamfanya nini mtu aliye kwenye dripu. Uacheni leo. Kesho, kwa basi la kwanza, mpelekeeni daktari unga pamoja na karatasi. Na tajeni kila mnachotumia."

Walikwenda. Daktari hakuwagombeza. Alisema hawezi kuapa kwamba unga ndio uliosababisha tatizo, maana mambo mengi hudhuru ini. Aliwaambia wasiutumie tena, akauandika kwenye faili. Melania alipoeleza jinsi anavyotapika, alipewa vidonge vya kuzuia kichefuchefu, ambavyo angeweza kuvipata tangu dripu ya kwanza.

Wiki mbili baadaye damu ilipimwa upya. Ini lilikuwa limetengemaa. Melania alitundikiwa dripu ya nne.

Uchovu haukuisha, na hakuna aliyemwahidi kwamba ungeisha. Lakini safari hii alitapika mara moja tu. Asubuhi iliyofuata aliomba michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Maduhu aliichemsha mwenyewe, ikamshinda kidogo, akaileta ikiwa ngumu. Melania alikula vipande vitano. Mumewe aliketi mbele yake, akimtazama akitafuna mpaka kipande cha mwisho.