Mkunga wa Nyemo Chiwanga

Kifaa kilipenya kwenye bomba kuu la Nzuguni, Dodoma, kikajipinda mara moja, kikatoweka. Urefu wake ulikuwa wa mkono wa mtu mzima, na ngozi yake ya mpira ilijaa vihisi-mtetemo vidogo kuliko punje za ulezi. Nyemo Chiwanga alikiita mkunga, kwa jinsi kilivyoogelea kama samaki yule mrefu. Mkunga hakuwa na kamera wala kinasa sauti. Alipapasa. Maji yakivuja kwenye ufa, hata ufa mwembamba kama unywele, bomba hutetemeka kwa namna yake. Mkunga aliufuata mtetemo huo hadi penye ufa, akajibandika hapo na kumwaga utomvu unaoganda na kuwa mgumu kama chuma.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi, mwaka 2091, aliziba nyufa kumi na saba kabla ya saa nne. Bomba la mtaa lilikohoa hewa, likatema kutu, kisha maji yakaja. Kina mama waliokaa siku tisa na ndoo tupu walipiga vigelegele.

Nyemo hakuvisikia. Alikuwa kiziwi tangu akiwa na miaka mitatu. Aliweka kiganja juu ya bomba, akaona vinywa vya majirani vimefunguka, akacheka.

Ni kiganja hicho kilichomfundisha. Alipokuwa akijifunza ufundi bomba, wenzake walitafuta uvujaji kwa kutega sikio kwenye nondo iliyochomekwa ardhini hadi kwenye bomba. Yeye aliweka mkono tu, akaonyesha kwa kidole, na wakichimba pale wanakuta maji.

Lakini mkunga alikuwa mmoja, na ngozi yake, iliyotengenezwa kwa mipira ya vipimo vya presha iliyotupwa hospitalini, ilidumu wiki sita tu. Dodoma nzima ilikuwa ikipoteza nusu ya maji yake ardhini. Ilihitajika karakana, na mtaji wa karakana ulitoka kwenye Mfuko wa Wavumbuzi, ambao mlango wake ulikuwa Mchujo.

Mchujo ilikuwa akili unde iliyomhoji kila mwombaji kwa dakika kumi na kutoa uamuzi. Watu waliisifu, maana haikujua mjomba wa mtu wala haikula rushwa. Nyemo alijibu kwa lugha ya alama, mdogo wake Loida akamtafsiria kwa sauti. Jioni ile ya Jumamosi lilikuja jibu la nne, sawasawa na yale matatu ya kwanza: maombi hayajakubaliwa, mwombaji hajiamini.

"Hujiamini?" Loida alifoka, mikono yake ikikimbia kuliko mdomo. "Wewe dada? Uliyeingia kwenye shimo la bomba na mimba ya miezi saba?"

"Jumatatu tunaenda ofisini kwao," Nyemo alijibu kwa alama. "Na bomba tunalibeba."

Walilibeba kweli: kipande cha bomba chenye maji yanayozunguka na tundu dogo kama la sindano. Mhandisi Lotha Kivuyo, mmoja wa waliounda Mchujo, alishuka mapokezi kuwaomba waondoke. Kabla hajasema neno, Nyemo aliushika mkono wake, akauweka juu ya bomba.

"Anasema fumba macho, Mhandisi," Loida alimwambia.

Kivuyo alifumba. Hakuhisi kitu. Nyemo akausogeza mkono kama shubiri moja.

"Eh! Kama paka anayekoroma," alisema Kivuyo, akafumbua macho. "Mchujo ilisemaje kuhusu hili?"

"Haikuuliza," Loida alitafsiri jibu la dada yake.

Kivuyo aliwapandisha ofisini kwake, akafungua faili la Nyemo na kulisoma kimya. Kila swali lilikuwa limechukua sekunde kadhaa kabla ya kujibiwa, kwa sababu lilipita kwenye mikono ya Loida, jibu likarudi kwa mikono ya Nyemo, ndipo likawa sauti. Mchujo ilikuwa imefunzwa kwa mahojiano ya watu waliopewa mtaji miaka iliyopita, na karibu wote walikuwa wepesi wa maneno. Basi kila kimya iliandika kuwa ni woga.

"Kosa ni letu, Bi Nyemo," alisema. "Nitakupitisha mwenyewe leo hii."

Loida alitafsiri huku akitabasamu. Nyemo hakutabasamu. "Wengine wako wangapi?"

Kivuyo akaiamuru Mchujo iwatoe wote waliokataliwa kwa sababu ya kuchelewa kujibu. Majina yalipanda kwenye kioo, yakaendelea kupanda. Walikuwa zaidi ya elfu nne: viziwi, wenye kigugumizi, na wanawake wa vijijini waliolipanga wazo kwanza kwa lugha ya nyumbani ndipo walitamke kwa Kiswahili.

Nyemo alimgusa bega asimame kwenye jina moja. Baltazari Sulle, mchimba dhahabu. Alikuwa ameunda kifaa cha kuwaonya wachimbaji kabla udongo haujaporomoka. Alikataliwa mwaka 2088. Chini ya faili kulikuwa na barua yake ya mwaka uliofuata, ambayo hakuna aliyeijibu. Kivuyo aliisoma, na sauti yake ikazidi kushuka.

"Shimo letu limefukia watu kumi na mmoja. Nilikuwa na kifaa."

Kivuyo alilifunga faili. "Nilikuwa nikijivuna," alisema, "kwamba mashine yangu haimpendelei mtu."

Nyemo alipanga alama zake polepole. "Sichukui mtaji peke yangu. Siku utakayowaita hawa, niite na mimi."

"Dada, una uhakika?" Loida aliuliza. "Ngozi ya mkunga imebakiza wiki mbili."

"Tafsiri."

Ilichukua miezi mitano. Kivuyo aliingia kwenye bodi na barua ya kujiuzulu mkononi. Wajumbe walimrudishia barua, wakamsikiliza. Mchujo iliondolewa mlangoni. Tangu hapo kila mwombaji angeonyesha kifaa chake kikifanya kazi, kwa lugha yake na kwa muda wake. Mapema katika miezi hiyo mkunga alichanika, nyufa mpya zikafunguka, na Nzuguni ikarudi kwenye ndoo. Wapo majirani waliomnunia Nyemo, kwamba alipewa riziki akaikataa. Alivumilia, akaendelea kufungua mabomba ya watu kwa mikono.

Siku ya kikao cha kwanza, ukumbi ulijaa. Mkunga mpya, ambaye Nyemo alimkusanyia mipira ya ngozi kwa miezi mingi, aliogelea kwenye bomba la kioo mbele ya watu hamsini, na kabla ya adhuhuri Nyemo alikuwa na karakana. Kivuyo alimwomba abaki mezani pamoja na waamuzi. Nyemo alivuta kiti akakaa, mgongo wima.

Aliyefuata alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti lililofifia, na sanduku la bati kwapani. Aliliweka mezani, akafungua kinywa kutaja jina lake. Baltazari Sulle alihangaika na herufi ya kwanza, akaishika, ikamponyoka, akaishika tena.

Nyemo hakusikia kigugumizi chochote. Aliona mtu anazungumza, na watu hamsini wanamtazama, wala hakuna hata mmoja aliyeangalia saa.